Barakoa ya Daktari Haimlindi Mgonjwa Anayefuata

Mwandishi aliyedai kwamba daktari wa meno akishavaa barakoa na glavu amemaliza kazi, na kwamba mengine ni mbwembwe za kuongeza bili, amemsahau mtu mmoja: mgonjwa anayefuata. Huyo huketi akaachama, bila barakoa, katika chumba ambacho hewa yake bado ina mate ya aliyemtangulia.

Sitii chumvi. Mashine ya kuchonga jino huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika huku ikitoa maji. Ile ya kuondoa ukoga hutetema maelfu ya mara kwa sekunde. Maji, mate na damu hugeuka ukungu. Matone makubwa huangukia kifuani. Yale laini huelea, na barakoa ya kawaida, iliyo wazi mashavuni, huyapitisha.

Basi yanaswe palepale mdomoni. Mrija mpana wa kufyonza, msaidizi akiushika karibu na ncha ya mashine, huondoa sehemu kubwa ya ukungu huo. (Ule mwembamba unaoning'inia mdomoni ni wa mate tu, tusidanganyane.) Kuna pia kitambaa cha mpira cha kutenga jino. Na kufungua madirisha, ambako ni bure, nako ni mbwembwe?

Isitoshe, hatari haitoki mdomoni pekee. Mwaka 2011 nchini Italia, bibi wa miaka 82 alifariki kwa nimonia ya bakteria wa Legionela. Bakteria haohao walikutwa katika maji ya kiti alichotibiwa meno. Barakoa ya daktari ingemfaa nini?