Mahatma na Taa ya Chemli



Huenda nyumbani kwako yuko kijana aliyesoma habari za Mahatma Gandhi, na sasa akuambia mezani ya kuwa ustaarabu wa kisasa ni ugonjwa, na ya kuwa mtu mwema hainui mkono hata akipigwa. Usimcheke. Lakini usimwitikie upesi.

Mwaka 1909 Bwana Gandhi alikuwa melini, akitoka London kurudi Afrika ya Kusini. Katika siku kama kumi aliandika kwa Kigujarati kitabu chake Hind Swaraj. Mkono wa kuume ulipochoka, akashika kalamu kwa wa kushoto. Humo alilaumu reli, akisema zaeneza tauni na kuzidisha njaa. Aliwalaumu mawakili (naye mwenyewe wakili!). Hospitali aliziita mahali pa kukuzia dhambi: mtu hula kupita kiasi, daktari humpa dawa, naye huurudia ulafi wake. Neno hilo lina ukweli, sikatai. Wako wanywao dawa asubuhi ili wapate kunywa pombe jioni.

Lakini sikiliza yaliyompata. Januari 1924, akiwa mfungwa wa Waingereza huko Yerwada, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Akapelekwa Hospitali ya Sassoon, mjini Poona, akapasuliwa usiku na daktari Mwingereza, Kanali Maddock. Kazi ikiwa katikati, umeme ukakatika. Wakaimaliza kwa taa ya chemli. Mgonjwa akapona. Simsimangi hata kidogo. Tumbo likiuma hivyo, nani asingekubali? Ila namwuliza kijana wetu: mama aliye katika uchungu wa kuzaa siku ya pili, na hospitali iko maili ishirini, tumwambie nini juu ya ubaya wa gari na kisu cha daktari?

Sasa juu ya kutorudisha pigo. Mwaka 1930 Gandhi alitembea kwa miguu maili 240 hivi mpaka pwani ya Dandi, akaokota chumvi kinyume cha sheria, na maelfu ya watu wakakubali kupigwa na kufungwa. Nani asiyeona Mahubiri ya Mlimani hapo? Hata hivyo waandishi wa magazeti walikuwapo, na huko London walikuwapo watu wa kuona haya. Tena, Bwana wetu aliniambia nigeuze shavu langu la pili. Shavu la mtoto wa jirani si langu kuligeuza.

Novemba 1938, baada ya masinagogi kuchomwa moto Ujerumani, Gandhi aliwashauri Wayahudi wa huko, katika gazeti lake Harijan, washike njia iyo hiyo. Martin Buber, mwalimu wa Kiyahudi aliyekuwa amehamia Yerusalemu, alimjibu kwa barua Februari 1939. Alikuwa amewaona ndugu zake wakivumilia bila jeuri, wala watesi hawakulegea. Akamwuliza Mahatma kama ajua kambi ya mateso ni kitu gani, na yatendekayo ndani yake.

Buber hakupenda vita, msomaji. Alisema tu ya kuwa, ikiwa hapana njia nyingine ya kuuzuia uovu usiangamize wema, atatumia nguvu, na kujitia mikononi mwa Mungu.