Wao Wautafuta Weusi, Sisi Twajichubua

Ndugu msomaji, usistaajabu nikikuandikia habari za vipodozi kutoka nyanda za Wagusii, nchi ambayo sisi watu wa pwani twaijua zaidi kwa ndizi, majani chai na vinyago vya mawe ya Tabaka. Nilikwenda huko arusini, nikarudi na mawazo.

Arusi ilikuwa karibu na Keroka, mji ulio mpakani, upande mmoja Kisii na upande wa pili Nyamira. Bibi arusi ni binti wa shoga yangu, Mgusii tuliyekaa naye ujirani Mombasa miaka mingi. Nilimkuta chumbani amejitanda leso mpaka usoni. Nikadhani ni haya za mwali. Kumbe sivyo. Alipoifunua, mashavu yalikuwa mekundu kama yaliyounguzwa, na chini ya macho pamefanya weusi wa kibuluu.

"Mama," akaniambia, "waliniambia krimu hii itanirudishia rangi yangu ya asili."

Kwa miaka mitatu alijipaka kila usiku, akichanganya mwenyewe tyubu hii na losheni ile, mchanganyiko ambao sote twaujua kwa jina la mkorogo. Hakwenda kwa daktari wala hakuuliza kilichomo.

Hebu tutazame kinyume cha mambo. Huko Ulaya na Marekani, watu weupe hununua dawa za kuwageuza rangi ya maji ya kunde. Mnamo 1960 kampuni ya Coppertone ya Marekani ilitoa sokoni dawa ya namna hiyo, na leo zimejaa madukani kwao. Hujipaka nyumbani, wakisugua kwanza viwiko na magoti ili rangi isishike mabaka, watu wasijue kwamba ni ya chupani. Dawa iliyomo, dihaidroksiasetoni, huigusa ngozi ya juu kabisa iliyokwisha kufa, ikaipa rangi kwa saa chache. Baada ya wiki moja hivi rangi huondoka pamoja na ngozi hiyo.

Sisi hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Hina yetu hufanya kazi iyo hiyo: hushika juu, huchakaa, hupotea. (Piko ni jambo jingine. Ile ni dawa ya nywele, na wako mabibi arusi walioungua mikono kwayo.)

Lakini mkorogo hautii rangi. Wauzuia mwili usitengeneze rangi yake. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuigeuza ngozi iwe na weusi wa kibuluu usiotoka kwa urahisi. Ndiyo aliyoyapata binti yetu, aliyekimbia weusi akaukuta mbele. Krimu za steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, ikachanika upesi na kidonda kikakawia kupona. Zebaki hupenya mwilini ikadhuru figo, na yaweza kumfikia hata mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka. Tena Kisii ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, jirani na ikweta. Jua la huko ni kali ijapokuwa hewa ni ya baridi, na ngozi iliyochubuliwa haina tena kinga yake.

Utauliza, je, serikali iko wapi? Mwaka 2001 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki likapitisha azimio dhidi ya haidrokwinoni. Mwaka 2023, mjini Geneva, mataifa ya Mkataba wa Minamata yakakubaliana kukomesha vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Marufuku si haba. Hata hivyo bidhaa hupita mipakani, kwa sababu wanunuzi wapo.

Na wanunuzi hawa nani amewafanya? Hapo ndipo nilipojiona nami nina hatia. Mara ngapi pwani kwetu mtoto huzaliwa, na swali la pili baada ya "Mume au mke?" likawa "Mweupe au mweusi?" Mara ngapi nimemsifu mwari kwa weupe wake mbele ya dada yake mweusi, nami nikidhani nasema mema? Binti yule alikulia mlangoni kwangu. Huenda aliyasikia hayo kinywani mwangu kabla ya kuyasikia dukani.

Sheria yaweza kufika bandarini; kwenye ndimi zetu haifiki. Sisi tunaofundishwa tangu chuoni kwamba Mungu ameumba kwa sura njema, twawezaje kuwafanya watoto wetu waione haya rangi aliyowapa?

Shoga yangu nami tulimpeleka binti hospitali. Daktari akamwonya asiziache zile za steroidi ghafla bila kuangaliwa, kwani ngozi yaweza kuwaka zaidi. Akampa utaratibu wa kuzipunguza. Siku ya arusi alitoka uso wazi. Wako walionong'ona. Mama yake alimshika mkono, wakapita.

Waswahili tulisema, mwacha asili ni mtumwa. Leo ukirudi nyumbani, msomaji, mtazame binti yako mweusi kuliko wote, umwambie kwamba ni mzuri. Usingoje mwenye duka amtangulie kumwambia kwamba si mzuri.