Bomba Likipasuka, Nani Atalitengeneza?

Mtu akikupa ng'ombe wa maziwa, zizi unajenga mwenyewe. Majani unakata mwenyewe. Ng'ombe akifa kwa njaa, utamlaumu aliyekupa? Mradi wa maji ni vivyo hivyo.

Mwaka 1971 Serikali yetu iliweka lengo kubwa. Ilitaka ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake, umbali usiozidi mita 400. Nchi nyingine zilisaidia. Denmark ilisaidia mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya. Wakati huo Isongole na Ileje yote ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016.

Mwaka 1991 ulifika. Lengo halikutimia. Sehemu nyingi nchini mabomba yalijengwa, kisha yakakauka. Kwa nini? Mipango mingi ilifanywa ofisini, wanakijiji hawakuulizwa. Bomba lilipopasuka watu walisema, "Hilo ni bomba la Serikali." Wakamngoja fundi kutoka mbali. Akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao.

Ndugu zangu wa Isongole, kosa hilo tusilirudie. Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019 inawapa wananchi wa vijijini nafasi ya kuendesha mradi kwa chombo chao wenyewe. Tuitumie.

Kabla ya kuchimba mtaro, tuulizane mkutanoni: Bomba likipasuka, nani atalitengeneza? Fedha zitatoka wapi? Majibu yaandikwe. Kazi ikiendelea, tuhesabu mabomba na mifuko ya saruji inayoletwa. Mwaka mmoja baada ya sherehe ya ufunguzi, tuvizungukie vituo vyote vya maji. Tusihesabu vilivyojengwa. Tuhesabu vinavyotoa maji. Hiyo ndiyo tathmini.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya wataalamu. Kweli, mtaalamu ana elimu yake, nasi tunamhitaji. Lakini yeye ataondoka. Atakayekosa maji ni mimi na wewe.

Sasa tunajua kusoma na kuandika. Basi tulidai daftari la mapato na matumizi ya mradi, tulisome kwa sauti mkutanoni. Tukiliacha kabatini, tumejifunza kusoma kwa faida gani?