MWANGA UPENYAPO FUVU LA ASKARI

Askari atupwapo na mshindo wa bomu, au polisi apigwapo jiwe kichwani, jeraha la hatari kupita yote huenda lisionekane. Damu huweza kuvilia ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo, ilhali majeruhi angali akizungumza. Mashine ya CT, ionyeshayo hali hiyo kwa hakika, haibebwi begani. Kwa hiyo yatupasa kukitazama chombo kidogo cha mkononi kifanyacho uchunguzi kwa mwanga.

Mwanga uingiapo mwilini hauendi moja kwa moja, bali hutawanyika huku na huko, na sehemu yake hurudi nje. Mwaka 1977 mtaalamu Frans Jöbsis wa Marekani alionyesha kwamba mwanga ulio jirani na mwekundu, usioonekana kwa macho, waweza kutupa habari za oksijeni iliyomo ubongoni pasipo kupasua. Damu huunyonya mwanga huo. Basi upande wa kichwa wenye damu iliyovilia hurudisha mwanga hafifu kuliko upande wa pili. Juu ya msingi huo kilitengenezwa chombo kiitwacho Infrascanner, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2011.

Mipaka yake haina budi kufahamika. Hakikusudiwi kugundua damu iliyo ndani sana ya ubongo. Tena, kwa kuwa hulinganisha kushoto na kulia, damu iliyovilia sawasawa pande zote mbili yaweza kukiponyoka.

Liko jambo lingine lituhusulo Waafrika. Ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulidhihirisha kwamba kipimo cha oksijeni kibanwacho kidoleni, nacho chatumia mwanga, kilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Ni kweli kwamba kulinganisha pande mbili za kichwa kimoja hupunguza tatizo hilo, lakini unafuu si uthibitisho.

Kwa maoni yetu, kabla ya kununua vyombo vya namna hii, majeshi na polisi wadai matokeo ya majaribio kwa watu wenye ngozi kama yetu. Nao waganga wa vikosi wafundishwe kwamba majeruhi anayetapika, anayesinzia, au ambaye mboni za macho yake hazilingani, apelekwe hospitali mara moja, hata kama chombo kimesema yu salama.