Meno ya Kahawia na Dawa ya Kung'arisha

Huko Ruti, nje kidogo ya mji wa Mbarara, si ajabu kumwona kijana ambaye kila anapocheka huziba mdomo kwa kiganja. Hupiga mswaki asubuhi na jioni, wala hana harufu mbaya kinywani, lakini meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia kama jani la tumbaku. Nyumbani huambiwa kuwa ni mvivu. Shuleni hutaniwa. Akisikia kwamba mjini kuna dawa ya kung'arisha meno, humwomba baba yake fedha.

Kabla afande hajautoa mshahara wake, yafaa aulize swali moja: rangi hiyo iko juu ya jino au ndani yake?

Rangi ya juu huletwa na chai, kahawa, sigara na mairungi, nayo hushikamana na ukoga uliokauka kandokando ya ufizi. Hiyo haihitaji dawa ya kung'arisha. Tabibu wa meno huukwangua ukoga na kuyasugua meno, na mara nyingi mtu hutoka akiwa ameridhika kabisa.

Rangi ya ndani ni shauri jingine. Wengi wa wakimbizi wa Nakivale wametoka Kongo ya mashariki, na baadhi yao walikulia karibu na Goma, chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo, ambako maji ya sehemu nyingi yana madini ya floridi kupita kiasi. Hali ni hiyo hiyo kandokando ya mlima Meru huko Arusha, na katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mtoto anywaye maji yaliyozidi sana kiasi hicho, wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijengwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi, humea meno yenye madoa meupe kama chaki, nayo baadaye hugeuka kahawia. Basi mswaki hauna kosa, na mtoto hana kosa.

Dawa itumiwayo na madaktari ni peroksaidi ya haidrojeni, au nyingine ya jamaa yake. Daktari kwanza huchunguza kama kuna jino bovu au ufizi mgonjwa, maana hayo hutibiwa mbele. Kisha hufunika ufizi usiungue, akapaka dawa kali kwa muda wa saa moja hivi. Njia ya pili ni ya polepole: mgonjwa hutengenezewa kifuniko laini cha plastiki chenye umbo la meno yake, akakitia dawa isiyo kali na kukivaa usiku kwa wiki mbili au zaidi. Katika njia zote mbili meno huweza kuuma yakiguswa na maji baridi. Maumivu hayo hupita baada ya siku chache. Jino lililozibwa au kuvikwa kofia halibadiliki rangi. Weupe wenyewe haudumu milele, hasa kwa mvutaji sigara.

Kwa meno yaliyoharibiwa na floridi, matumaini yawe ya kiasi. Kahawia huweza kupungua, lakini mwanzoni madoa meupe huenda yakaonekana zaidi. Madoa ya juujuu daktari huweza kuyasaga kidogo kwa asidi na unga maalumu; yaliyozama sana hufunikwa kwa gamba la rangi ya jino. Mtu na aulize bei ya kila hatua mapema, na kama anayemtibu ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2012, dawa hizi haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka 18. Kijana wa darasa la saba na angoje.

Ndimu, mkaa uliosagwa na majivu ya jikoni viachwe kabisa. Ndimu huyeyusha gamba gumu la jino, na mkaa hulikwaruza. Nalo likiisha halioti tena.

Lakini iwapo katika nyumba hiyo yumo mdogo wake mwenye miaka miwili, fedha ya kwanza ielekezwe kwenye maji. Familia ikihamishiwa sehemu yenye floridi nyingi, mama asidhani kuwa kuyachemsha kunatosha: kuchemsha huua vijidudu, bali floridi hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua sufuriani. Maji ya mvua yana floridi kidogo mno. Yakikingwa kwenye bati safi na kuchemshwa, humfaa mtoto. Huko Nakuru watu huchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na magadi yale yatiwayo kwenye maharage ili yaive upesi, aghalabu nayo yana floridi nyingi. Maharage yakilowekwa tangu usiku yataiva bila hayo.