Nani Kasema Kiswahili Hakina Ladha?

Wiki tatu zilizopita niliandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu ramu. Haikuwa insha. Yalikuwa maelezo ya mtu anayeanza: pua imenusa nini, ulimi umesema nini, koo limelalamika wapi. Nikawatumia jamaa wanne tunaosoma vitabu pamoja. Wa kwanza hakujibu. Wa pili akauliza kama nina matatizo nyumbani. Wa tatu akaniambia mtu mwenye heshima zake haandiki habari za pombe isipokuwa anaikemea. Wa nne ndiye aliyenikera hasa, maana ndiye msomaji kuliko sisi wote. Akaandika: "Umejitahidi, ila mambo haya andika kwa Kiingereza. Kiswahili hakina maneno ya ladha. Tuna tamu, chungu, kali na chachu, basi."

Namjibu huyo wa nne. Hao wengine nitakutana nao njiani.

Tuanze na meza yenyewe. Naishi Itaka, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Huku pombe tunazozijua ni komoni na kimpumu, na chupa za dukani kwa mwenye nacho. Ramu niliifuata Tunduma, kule mpakani ambako malori yanayokwenda Zambia hupanga foleni ndefu. Jioni ile nilipanga glasi nne: ramu nyeusi, Konyagi, wiski ya Scotland na jini. Kila glasi niliweka vijiko viwili tu. Pembeni maji, na muhogo wa kuchemsha usio na chumvi. Pombe kali nilikuwa nimeshainywa harusini mara chache, lakini kwa namna ya mtu anayemeza klorokwini: haraka, macho yamefumbwa. Kuonja nilikuwa sijawahi.

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kuzamisha pua ndani ya glasi. Ilinipiga mpaka machozi yakatoka. Nikajifunza kuishika glasi chini ya kidevu, mdomo wazi kidogo, nikavuta taratibu. Hapo ramu ikaanza kusema. Kwanza sukari guru. Halafu ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi, ile ambayo mama husema tuile leo au tuitupe. Nyuma yake gome la mti lililonyeshewa mvua. Mdomoni ilianza na utamu, kisha ukakasi ukanibana ufizi, kisha ukaja ukoko, ule wa uji ulioungua kidogo ambao watoto hugombania chungu. Iliposhuka ilikereketa lakini haikuunguza. Dakika nzima baadaye ilikuwa bado ipo, inafifia polepole.

Konyagi ilikuja na riha ya ganda la limau, ikapita haraka, kavu, ikaacha mzizimo nyuma ya meno. Ajabu ni kwamba hizi mbili ni ndugu. Ramu hutoka kwenye miwa, mara nyingi kwenye molasi inayobaki baada ya kutengeneza sukari, na Konyagi yetu nayo asili yake ni molasi ya miwa. Nyingine imelazwa kwenye pipa la mwaloni, nyingine haikulazwa. Wiski ilikuwa na moshi wa kuni mbichi na, samahani, harufu ya bandeji. Jini, ambayo jina lake peke yake linatisha, ilinirudisha kwenye shamba la paini mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika.

Sasa ndugu yangu wa nne, hesabu. Guru, ukakasi, ukoko, kukereketa, kufifia, riha, mzizimo. Nimeazima wapi? Na sijagusa ugwadu, ambao si sawa na uchachu. Sijagusa chapwa na dufu, maneno mawili ya kitu kilichokosa ladha. Sijagusa shombo wala vumba. Mwenye Kiingereza chake anitafsirie shombo kwa neno moja tu, nitamnunulia soda. Lugha iliyohangaika kutofautisha uvundo na vumba ni lugha iliyokuwa na pua inayofanya kazi. Hao wanaosema haina maneno wameacha kuyatumia, kisha wakaita uvivu wao umaskini wa lugha.

Lakini uvivu peke yake hauelezi kila kitu. Tunawaelezea wapenzi wetu kwa kurasa kumi. Mvua tunaielezea. Msiba tunauelezea mpaka msomaji anatafuta leso. Kwa nini tukifika kwenye glasi tunakuwa mabubu?

Tazama kahawa kwanza, isiyo na dhambi. Mbozi tunalima kahawa, na pale Mbimba pana kituo cha utafiti wa kahawa. Kahawa yetu ikifika mnadani na kwa wanunuzi, kuna watu ambao kazi yao ni kuionja: wanaivuta kwa kijiko kwa sauti kubwa, wanaitema, wanaandika. Maneno wanayoandika yanachangia bei. Mkulima aliyeichuma haonyeshwi karatasi ile, na akionyeshwa imeandikwa kwa lugha nyingine. Nyumbani kwetu tulilima kahawa, tukanywa chai. Ukituuliza kahawa yetu ina ladha gani tutakujibu "nzuri". Hapo hakuna pombe, hakuna polisi, na bado tumenyamaza. Tumezoea kwamba sisi ni wa kuzalisha, na kusema kitu kina ladha gani ni kazi ya mwingine.

Ukija kwenye pombe, linaongezeka jambo la pili: aibu. Katika maandishi yetu pombe kali ina milango miwili tu, wa mahubiri na wa vichekesho. Ama mlevi anaangamiza nyumba yake, ama anaanguka mtaroni tucheke. Zakaria wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, tunamkumbuka kama baba mlevi. Simlaumu Kezilahabi, alikuwa na kazi nyingine ya kufanya na aliifanya. Ninaowalaumu ni sisi tuliokuja nyuma tukadhani mlango ni huo mmoja.

Na mfano mkubwa kuliko wote ni Abunuwasi. Tangu shule ya msingi tunamjua kama mjanja anayewazidi akili wafalme. Aliyebeba jina hilo kwa kweli, Abu Nuwas wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, alikuwa mshairi, na sifa yake kubwa katika fasihi ya Kiarabu ni mashairi ya mvinyo: rangi yake, harufu yake, umri wake. Huku kwetu ulifika ujanja wake, mvinyo ukabaki njiani. Naelewa kwa nini ulibaki, dini ni dini. Ila tusijidanganye kwamba fasihi kubwa haijawahi kuinama juu ya glasi ikanusa.

Aibu hii ina historia. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka mipaka ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, huku wasio wenyeji wakiachiwa nafasi ya kuletewa ya kwao. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukapiga marufuku kabisa kutengeneza pombe za kukenekwa katika maeneo hayo. Tukapata uhuru. Mwaka 1966 tukatunga sheria yetu, ikaitwa kwa jina la kinywaji chenyewe, Moshi, nayo inasema hutengenezi bila leseni. Leseni ni ya mwenye kiwanda. Bibi mwenye pipa nyuma ya nyumba, yeye ni mhalifu. Waganda katika miaka hiyohiyo ya 1960 waliiweka enguli chini ya leseni, ikanunuliwa na kusafishwa, ikatoka kiwandani ikiitwa waragi. Wakenya waliihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti. Sisemi mambo yao yamenyooka. Nasema wao walikubali angalau kulitamka jina la kinywaji bila kushika pua.

Hapa lazima niseme la nyumbani. Mama yangu mdogo alipika gongo. Alikuwa na pipa, bomba la shaba na beseni la maji ya kupozea, nyuma ya migomba. Ada zangu za shule zilitoka kwenye lile bomba, tone kwa tone. Matone ya kwanza aliyamwaga, hakumpa mtu. Yaliyofuata alichovya kidole, akaonja, akasema. Nilikuwa mtoto, nikidhani anajisemea tu. "Hii inang'ata mbele, nyuma haipo." "Hii imeharakishwa moto." "Hii imenusa bomba." Ndiye mwonjaji bora niliyewahi kumwona, na hakuna aliyemwambia kwamba anachofanya kina jina.

Nikiwa darasa la sita wakaja. Ndoo zikamwagwa, pipa likatobolewa, yeye akaondoka nao na kanga yake moja. Kile kinywaji alichokijua kwa kidole, pua na ulimi kimeandikwa mara moja tu duniani, kwenye hati ya mashtaka: lita saba za pombe haramu aina ya moshi. Kipimo na kosa. Ladha hakuna.

Mtu atasema: kwa hiyo unatetea gongo? Hapana. Gongo ya mtu usiyemjua inaweza kukutoa macho au roho, kwa sababu hakuna anayepima kilichomo. Usiinywe. Mimi siinywi. Na jamaa yangu wa tatu, yule wa heshima, ana haki ya kuogopa. Nimezika marafiki wawili waliomalizwa na viroba, vile vipakiti vya plastiki vilivyouzwa kwa bei ya pipi mpaka serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Sikulia vilipoondoka. Lakini hebu kumbuka vilivyokuwa vinanywewa: meno yanang'oa kona, kichwa kinatupwa nyuma, kipakiti kinaangushwa chini. Sekunde tatu. Hapo palikuwa na kulewa, kuonja hapakuwepo. Vijiko vyangu viwili vilinichukua saa nzima, na nililala mzima. Sidai kwamba maneno yanatibu ulevi. Nadai kwamba ukimya haujawahi kuutibu, na tumeujaribu muda mrefu.

Na kama wewe hunywi kwa imani yako, vizuri sana, hoja yangu haikudai glasi. Andika ukwaju. Andika kahawa chungu ya barazani na kashata yake. Andika maji ya kisima chenu, ambayo najua yana ladha ya chuma na hujawahi kusema.

Turudi kwenye ramu, maana ndiyo iliyoanzisha ugomvi. Leo ikiwekwa kwenye chupa nzito tunaivulia kofia. Lakini katika karne ya 17 kule Barbados ilikuwa nini? Kinywaji kikali cha mabaki ya sukari, kutoka mashamba yaliyolimwa na watumwa, na Waingereza wa kisiwani waliipa jina la kiua-shetani. Ilikuwa gongo ya kule. Kisha jeshi la majini la Uingereza likaifanya posho ya kila siku ya mabaharia wake, posho iliyokoma tarehe 31 Julai 1970. Wafanyabiashara wakaweka mapipa, waandishi wakaweka maneno, na kiua-shetani akawa bwana mkubwa. Pipa lilifanya kazi yake, sikatai. Ila pipa haliandiki. Kuna watu walikaa wakasema hii ina ndizi, hii ina ngozi, hii ina moshi, wakasema hivyo kwa lugha yao bila kuomba ruhusa.

Jumapili iliyopita nilimpelekea mama mdogo ile ramu iliyobaki. Amezeeka, alishaacha kupika na kunywa zamani, ameokoka. Nilimwambia, "Shikamoo mama, sitaki unywe, nataka unuse tu." Akacheka, akaitikia marahaba, akaishika glasi. Hakuingiza pua ndani kama mimi. Aliishika chini ya kidevu, kama vile hakuna miaka iliyopita, akanyamaza muda.

"Hii imelala kwenye mti, mwanangu," akasema. "Na sukari yake ilianza kuungua, wakaiwahi."

Sikuwa nimemwambia habari za pipa. Sikuwa nimemwambia chochote.

Ndugu yangu wa nne, nimeandika sentensi hiyo kwa Kiswahili kwa sababu ilitamkwa kwa Kiswahili. Ukipata ya Kiingereza iliyo bora kuliko hiyo, niletee Itaka. Ukikosa, niletee ukurasa wako mmoja na nusu kuhusu kitu chochote ulichowahi kuweka mdomoni. Mimi nitausoma, na sitakuuliza kama una matatizo nyumbani.