Dalia za Mandawa na Ndoo ya Mwanafunzi

Ifikapo Septemba na Oktoba, utaratibu ni ule ule katika shule nyingi za Kusini. Mahafali yamekaribia, au imetoka barua kwamba mgeni atapita. Mwalimu mkuu anaagiza mazingira yapendezeshwe. Mawe yanapakwa chokaa, matuta yanachimbwa mbele ya ofisi, miche inaombwa kwa huyu na yule, na kila mwanafunzi anaambiwa kesho aje na dumu la maji. Mgeni akija huyakuta maua yamesimama. Wiki mbili baada ya mgeni kuondoka, maua yamekwisha kuwa kuni.

Katika kata kama Mandawa, wilayani Ruangwa, jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Eneo hili, ambalo zamani lilikuwa chini ya Wilaya ya Nachingwea, lina msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na hukoma Aprili au mapema Mei. Kutoka hapo ni kiangazi mfululizo, na Oktoba ndio mwezi ambao ardhi imekauka kuliko wakati mwingine wowote, visima vimeshuka, na mama wa nyumba anahesabu ndoo. Kumtaka mtoto wa darasa la nne alete maji ya kunyweshea ua katika mwezi huo ni kumtoza kodi ambayo haikupitishwa na kikao chochote.

Tufanye hesabu, kwa sababu walimu ni watu wa hesabu. Tuseme shule ina mashina 40 ya dalia, na kila shina lipewe lita tano mara tatu kwa wiki, kiasi ambacho kwa jua la Oktoba si kikubwa. Hizo ni lita 600 kwa wiki, yaani ndoo 30 za lita 20. Mpaka mvua ije baada ya wiki kumi, ni ndoo 300. Ndoo hizo zimebebwa kichwani na watoto, na aghalabu na wasichana. Katika wiki hizo hizo vyoo vya shule vinahitaji maji, na uji wa wanafunzi, pale unapopikwa, unahitaji maji.

Wako watakaosema basi maua yafutwe kabisa; kwamba bustani mbele ya ofisi ni kasumba tuliyoachiwa na Mkuu wa Wilaya wa kikoloni, ambaye maua ya boma lake yalimwagiliwa na wafungwa. Siafikiani nao. Mtoto anayesoma mahali penye ua na kivuli hujifunza kwamba mahali pake pana thamani, na mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na kwao ana haki ya kuona kitu kizuri anapofungua dirisha asubuhi. Ua halina hatia. Kinachostahili lawama ni kulipanda kwa kufuata tarehe ya mgeni badala ya kufuata mvua.

Tena Nachingwea yote yapaswa kulijua jambo hili kuliko wilaya nyingine yoyote nchini. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Ujumbe uliopendekeza mpango huo ulikuwa umetembelea nchi kwa majuma machache tu mwaka 1946, na kumbukumbu za mvua ulizokuwa nazo mkononi zilikuwa haba. Matrekta yalishushwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa hadi Nachingwea. Huko Kongwa walijaribu pia alizeti, ua ambalo tunalisifu kwa kustahimili jua, nalo likashindwa na ukame. Januari 1951 mpango ukaachwa, baada ya kula paundi zipatazo milioni 36, na reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Wakulima wa Kimwera waliokuwa wakiishi pale muda wote huo waliendelea kupanda mtama na muhogo wao kwa kutazama mawingu.

Sasa tuitazame dalia, kwa kuwa ndiyo inayopendwa na ndiyo inayoonewa zaidi. (Simaanishi ile dalia ya akina mama, unga wa manjano wenye manukato, nasema ua.) Mtumishi aliyehamishwa kutoka Njombe, Lushoto au Marangu huja na viazi vyake katika mfuko, kwa sababu kwao dalia huota hata kando ya njia. Akivifukia Mandawa kama alivyozoea kuvifukia kwao, hupata majani mengi, maua madogo yaliyofunguka katikati, na hatimaye shina lililooza au kukauka. Ndipo hutangaza kwamba Kusini hakufai kwa maua.

Dalia asili yake ni nyanda za juu za Meksiko, ambako jua ni kali lakini usiku ni wa baridi. Mbegu zake zilifika Madrid mwaka 1789, na mwaka 1791 mtaalamu Mhispania Cavanilles akaipa jina la Msweden Anders Dahl. Kwa hiyo jina ni la Ulaya ya kaskazini, lakini mmea ni jirani wa mahindi, uliozaliwa katika nchi ile ile. Hupenda usiku wenye baridi, huchukia joto linalopita nyuzi 30 hivi, na huchukia zaidi maji yanayotuama mizizini. Mandawa haiko juu kama Njombe na kamwe haitakuwa. Lakini Mandawa ina miezi yake ya ubaridi, nayo ni Juni na Julai, ambayo ni miezi isiyo na mvua kubwa. Basi swali la kujiuliza ni hili: yafanywe nini ili dalia ichanue katika miezi hiyo?

Jibu lipo katika kalenda. Wengi wetu tunapanda Desemba, mara mvua za kwanza zinaponyesha, pamoja na mahindi. Dalia ya Desemba hukutana na mabalaa mawili. La kwanza ni kile kiangazi kifupi cha Januari na Februari, ambacho kila mkulima wa huku anakijua, mvua inaposimama kwa siku kadhaa hata majani yakajikunja. La pili ni mvua nzito za Machi na Aprili, ambazo hulikuta ua limechanua, likiwa zito kwa petali, juu ya shina lililo wazi ndani kama tete. Linavunjika. Atakayefukia viazi vyake mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kiangazi kifupi kikiwa kimepita, atapata mvua ya kukuzia shina bila kubeba ndoo, na baada ya miezi miwili na nusu hivi atakuwa na maua mwishoni mwa Mei na Juni, usiku ukiwa umepoa. Jua la Juni hapa kwetu hukaa juu kwa saa kumi na moja na nusu tu, na ufupi huo wa mchana huihimiza dalia ijaze viazi vyake. Kwa hiyo anapata ua na mbegu ya mwaka ujao kwa mvua ile ile.

Mahali pa kupandia ni upande wa mashariki wa jengo, ambapo jua la asubuhi hufika na lile la alasiri huzuiwa na ukuta. Tuta liinuliwe kiasi cha kifundo cha mguu au zaidi, liwe na samadi iliyokwisha kuoza, na kijiti cha kuegemea kichomekwe siku ile ile ya kupanda, maana atakayekichomeka baadaye atatoboa kiazi. Kiazi kisinyweshwe kabla hakijachipua. Unyevu wa udongo wa Machi unakitosha. Mmea ukifikisha jozi nne za majani, kichwa chake kikatwe ili utoe matawi. Matandazo ya nyasi kavu ni lazima, ila yasigusane na shina, kwa sababu mchwa wa huku hawana simile.

Linalowapotosha wengi ni kiazi chenyewe. Mkulima wa Mandawa anajua kwamba muhogo hupandwa kwa kipande cha mti wake, na kwamba mzizi ni wa kula. Anajua pia kwamba kiazi kitamu huota kwa marando. Dalia haifanani na hizo. Kiazi chake kikitenganishwa na shingo ya shina hakioti, hata kikipewa mbolea ya nchi nzima. Lazima kibaki na kipande cha shingo chenye jicho. Ndiyo sababu viazi vingi vinavyogawanywa kwa kuvunjwavunjwa kwa mkono hufia ardhini, na mgawaji hulaumiwa kwa uchoyo.

Kazi iliyo ngumu kweli ni kuvitunza viazi kuanzia Agosti hadi Februari. Vitabu vya Ulaya vinasema vitunzwe visipigwe na barafu. Hilo silo tatizo letu. Adui zetu ni joto la Oktoba na Novemba, linalovikausha hadi vikasinyaa, na mchwa. Njia ninayoipendekeza ni chungu au ndoo iliyotoboka, mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, na kona yenye giza ndani ya nyumba isiyo na bati la moto juu yake. Kila mwisho wa mwezi mchanga ufunuliwe, kiazi kilichooza kitolewe, na kilichoanza kusinyaa kinyunyiziwe maji kiganja kimoja. Watu wa huku wamehifadhi mbegu za mtama na kunde kwa majivu tangu enzi za mababu, hivyo hakuna haja ya kuleta mtaalamu kutoka nje kuja kuwafundisha.

Na hiyo Oktoba, mgeni atakapokuja, aone nini? Ataona mimea ambayo Oktoba ni yake. Bogenvilia huchanua vizuri zaidi inapokoseshwa maji, na anayeinywesha kila siku hupata majani. Mkrismasi, uliotoka Madagaska, huwaka wekundu wake mwishoni mwa kiangazi, kabla hata mvua haijashuka. Uko pia ule mti wa maua meupe yenye kiini cha njano, ambao Waswahili huupanda makaburini. Tawi lake likikatwa na kuachwa kivulini wiki nzima lipoe utomvu, huota bila maringo. Miti hii mitatu ikipandwa Desemba, ikilindwa na mbuzi na kusaidiwa maji kidogo katika kiangazi cha kwanza, haidai ndoo ya mtoto tena. Kwa anayetaka maua ya msimu karibu na njia, zinia na kosmosi, nazo za Meksiko, hupandwa kwa mbegu na hulipenda joto ambalo dalia hulikimbia.

Hata hivyo, kalenda niliyoitaja si msahafu. Mvua za miaka hii zimeacha adabu zake. Mei 2024, wakati ambapo tungetarajia mawingu yameondoka, Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zilizokata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam. Bustani iliyopandwa kwa kuamini mwezi mmoja tu ingepotea yote. Kwa hiyo mwenye viazi ishirini asivifukie siku moja. Apande nusu mwanzoni mwa Machi na nusu baada ya wiki tatu, na abakize viwili au vitatu chunguni. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, utabiri wa msimu kwa mikoa yenye msimu mmoja, Lindi ikiwamo. Utabiri huo husomwa redioni na kubandikwa katika ofisi za kilimo. Ni mwalimu mkuu gani ambaye ameubandika karibu na ratiba ya vipindi? Tungeweza kuwa na darasa zima la jiografia na la sayansi katika karatasi hiyo moja na kipimo cha mvua kilichotengenezwa kwa kopo.

Elimu ya Kujitegemea, ilipotangazwa Machi 1967, ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia, ambapo mwanafunzi anajua kwa nini analima na anashiriki kuamua. Mtoto anayeamriwa kuleta dumu, na asiyejua kwa nini ua lile litakufa baada ya wiki mbili, hajifunzi kilimo wala uzuri. Anajifunza kwamba mkubwa akija, maji hutafutwa. Lakini mtoto aliyekata kiazi chenye jicho, akapima mvua ya Machi, akaona ua Juni na kuhifadhi mbegu mwezi Agosti, amesoma sayansi ya mwaka mzima.

Yapo mambo mawili ambayo ofisi za elimu za wilaya zinaweza kuyafanya bila kuomba fedha. Zinapokagua mazingira ya shule, zitoe alama kwa maua ya Juni na kwa miti iliyofikisha mwaka wa pili, na zisitoe alama yoyote kwa matuta yaliyochimbwa mwezi wa ukaguzi. Na barua ya kutangaza ujio wa mgeni katika miezi ya Septemba hadi Novemba iwe na sentensi moja ya ziada, kwamba wanafunzi wasiagizwe maji ya bustani.

Linabaki suala la likizo ya Juni, ambalo walimu hulitaja daima: shule ikifungwa dalia zikiwa zimechanua, nani atazitazama? Wakati huo mmea umekwisha kujaza viazi, na ukikosa maji wiki mbili tatu hupunguza maua lakini haufi. Mlinzi, au mwalimu mmoja anayekaa karibu, akikata maua yaliyonyauka mara moja kwa wiki inatosha, na yale mazuri ayapeleke zahanati, ambayo haifungwi.